Kutweka Tanga kwa Mara ya Kwanza

Akina mama na mabinti wa pwani wamekuwa abiria wa vyombo tangu zamani. Majuma haya tumejaribu kuwa mabaharia.

Mkaazi wa Lamu hana namna ya kukiepa chombo. Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya mkondo. Barabara ya kwenda bara huanzia Mokowe, nako hufikiwa kwa maji. Bi harusi anayepelekwa Faza, mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya mbali, mwanafunzi anayerejea nyumbani likizoni, wote hukanyaga ubao wa chombo kabla ya kukanyaga nchi kavu. Wengi wetu tulivuka mkondo huu tungali matumboni mwa mama zetu.

Hata hivyo, jiulize, ndugu msomaji: siku nahodha akizidiwa na maradhi katikati ya mkondo, ni nani miongoni mwa akina mama waliokaa nyuma atakayejua kamba gani ilegezwe na ipi ishikwe? Sisi tulijiuliza swali hilo tukiwa wanane, akina mama wanne na mabinti zetu wanne, na jibu letu lilikuwa kimya. Tumezaliwa pwani, tumelelewa na samaki na nazi, lakini ubaharia tumeuangalia kama mgeni anavyoutazama mji kutoka dirishani.

Ndipo tulipomwendea Ami mmoja, baba mdogo wa wawili wetu, nahodha aliyeanza kuvua na marehemu babake kabla ya mashine kuenea visiwani. Tulimwomba atufundishe tangu alifu. Alitutazama kwa muda, akasema: "Wajukuu zangu wavulana wote wanataka mashine. Nyinyi mkitaka tanga, karibuni." Mkewe alifunga safari nasi kila siku ya mafunzo, na jambo hilo liliwatuliza waume na mama zetu waliokuwa na shaka.

Somo la kwanza: upepo una majira

Tulidhani tungeanzia kwenye kamba. Ami alituanzisha kwenye upepo, tukiwa tumeketi juu ya mchanga, bila kugusa chombo.

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huanza kuingia mwishoni mwa mwaka na kuvuma hadi Machi. Kwa upepo huo majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, yakiwa na tende, mazulia na vyombo vya udongo. Kisha huja kusi, kuanzia Aprili, na kwa upepo huo yalirudi kwao yakiwa na boriti za mikoko, pembe na nafaka. Katikati ya mwaka kusi huwa na nguvu na bahari huchafuka, hata wazee wakazoea kuvipandisha vyombo pwani, kuvitia kalafati, na kungoja. Mfanyabiashara aliyechelewa kuondoka alilazimika kukaa hadi msimu mwingine. Wengi walioa huku wakingoja, na miji yetu, lugha yetu na nasaba zetu zina alama za kungoja huko.

Baina ya pepo hizi mbili kuna majira ya maleleji, wakati upepo unapogeuka na kupoa. Huo ndio wakati wa mwanagenzi. Sisi tulianza mwezi wa Oktoba, kusi likiwa limechoka na kaskazi halijashika, na asubuhi nyingi mkondo ulikuwa kama sahani.

"Funga macho," Ami alimwambia binti mdogo kuliko wote. "Upepo uko wapi?" Binti alinyosha mkono. "Sasa geuza uso mpaka uusikie sawasawa katika masikio yote mawili." Alipofumbua macho alikuta anautazama upepo uso kwa uso, upande mwingine kabisa na alikoonyesha. Tulilirudia zoezi hilo kila siku kabla ya kupanda. Hadi leo baadhi yetu hulifanya tukitoka mlangoni kwenda sokoni.

Somo la pili: kila kitu kina jina lake

Mashua tuliyojifunzia ilikuwa ndogo, yenye tezi bapa, ya aina inayoundwa Matondoni, kijiji mashuhuri kwa mafundi wa vyombo. Kwa mtu wa nje ni mbao na kamba. Kwa baharia ni mwili wenye viungo, na asiyejua majina ya viungo hawezi kusikia amri.

Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Chini kabisa, kwenye uti wa chombo, ni mkuku, na mbavu zilizosimama juu yake ni mataruma. Maji yanayovuja hukusanyika ngamani, na hufuliwa kwa upo. Hapo ndipo tulipoielewa methali tuliyoisoma skuli bila kuona maana yake: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mlingoti wa mashua zetu huinama kidogo kuelekea omo. Juu yake hupandishwa foromali, gogo refu linalobeba tanga la pembe tatu, na kamba inayolipandisha kupitia abedari huitwa henza. Pembe ya mbele ya tanga, iliyo upande wa upepo, ni goshi. Kamba inayoishika pembe ya nyuma ni demani. Mkono wa usukani ni kana.

Ami hakuturuhusu kusema "ile kamba". Aliyesema hivyo aliambiwa akae chini na mwingine achukue zamu yake. Mwanzoni tuliona ni ukali. Baadaye, mawimbi yalipokuwa yakipiga na kila mtu akisema kwa sauti, tuliona faida yake: neno "demani" haliwezi kuchanganywa na neno "henza".

Tanga lenyewe lilitushangaza. Zamani mtepe, chombo cha wahenga wetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kilikuwa na tanga la mkeka. Baadaye ikaja bafta, na ile pamba nzito iliyoitwa marekani kwa sababu ililetwa na wafanyabiashara wa nchi hiyo katika karne ya 19. Mmoja wetu ni mshoni wa mabuibui. Aliuchunguza upindo wa tanga, akaitambua mishono, akamwonyesha Ami mahali panapohitaji kiraka. Tangu siku hiyo yeye ndiye mganga wa tanga, na heshima yake chomboni ilipanda kabla hajashika kana hata mara moja.

Somo la tatu: kana na demani

Kutweka ni kazi ya wengi. Watu watano walishika henza, tukavuta kwa pamoja, foromali ikapanda ikiguna hadi ikafika juu. Demani ilipokazwa, tanga likajaa, na mashua ikaondoka bila kelele yoyote. Sisi tuliozoea ngurumo ya mashine tulinyamaza wote.

Kosa la kila mwanagenzi ni kudhani kwamba tanga husukumwa na upepo kutoka nyuma tu. Upepo wa tezi ni rahisi kuuelewa, lakini mashua huenda vyema zaidi upepo unapotoka ubavuni, kwa kuwa tanga lililojikunja kama ubawa wa ndege huivuta mbele huku mkuku ukiizuia kuteleza upande. Kinachotakiwa ni mikono miwili kuelewana: mmoja wa kana, mwingine wa demani. Ukigeuza omo kuelekea upepo, kaza demani. Ukiugeuzia upepo mgongo, legeza. Tanga likipigapiga kama nguo kambani, limekosa upepo. Likijaa kupita kiasi na chombo kikalala ubavu, legeza demani, nacho kitainuka.

Kanuni hiyo ya mwisho Ami aliirudia mara nyingi kuliko zote. Abiria anaogopa chombo kinapolala kwa sababu hajui kwamba dawa iko mkononi mwa mtu mmoja, na kwamba dawa yenyewe ni kuachia wala si kukaza. Kwa sababu hiyo demani haifungwi kwa fundo lisilofunguka haraka, na anayeishika hapigi soga.

Kana nayo ina hila yake. Ukiisukuma kulia, omo huenda kushoto. Kila mmoja wetu aliandika njia ya nyoka majini kwa siku mbili au tatu, mkewe Ami akicheka chinichini. Kisha siku moja mkono huelewa wenyewe. Ami alitushauri tuache kutazama omo, tuchague kitu cha mbali, mnara wa msikiti au mnazi ulio peke yake, tukielekee hicho.

Somo la nne: kubisha

Kwenda kwa upepo ni furaha, na kurudi ndiko kwenye elimu. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Hulazimika kubisha, yaani kwenda kombokombo, mkono huu kisha mkono ule, kila safari kikichuma hatua kidogo kuelekea unakotoka upepo.

Kwa tanga letu la pembe tatu kugeuka ni kazi ya adabu. Upepo ukilipiga tanga kwa mbele likagandamana na mlingoti, chombo hupoteza nguvu, na katika upepo mkali mlingoti waweza kuvunjika au chombo kupinduka. Kwa hiyo mabaharia wetu mara nyingi hugeuza kwa kuupa upepo tezi. Demani huachiwa, foromali husimamishwa karibu na mlingoti, tanga likapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kisha demani hukazwa tena. Mmoja hukaa kwenye kana, mmoja kwenye goshi, mmoja kwenye demani, na wengine huhamisha farumi, yale magunia ya mchanga yanayokipa chombo uzito, kuyapeleka upande wa juu. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Wakati wa kugeuza sauti huwa moja tu.

Mara ya kwanza tulichukua muda mrefu hata mkondo ukaturudisha tulikotoka. Kufikia juma la nne tuliweza kugeuza bila Ami kusimama.

Maji, mwezi na elimu ambayo tayari tunayo

Hapa ndipo tulipogundua kwamba hatukuja chomboni mikono mitupu. Ami alipoanza kueleza kupwa na kujaa, akina mama walimkamilishia maneno.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na kwa hiyo kila siku hujaa kwa kuchelewa kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji makubwa, ambayo katika pwani ya Kenya huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Karibu na mwezi 7 na mwezi 21 huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Mwanamke anayekwenda kuokota chaza au kutafuta pweza miambani, na yule anayetanda dagaa kwa shuka, huhesabu siku hizi vidoleni. Yeyote anayefuata mwezi kwa ajili ya funga na idi ana nusu ya hesabu hiyo kichwani.

Baharia huitumia hesabu hiyo kwa namna nyingine. Katika njia nyembamba kama Mkanda, iliyo kati ya mikoko, chombo kikiingia maji yakiwa yanapwa chaweza kukwama mpaka maji yajae tena. Katika mkondo wa Lamu, maji yanayotoka yakikutana na upepo unaoingia, mawimbi huwa mafupi na makali. Kwa hiyo ratiba yetu haikufuata saa ya ukutani, ilifuata maji: juma hili baada ya Alfajiri, juma lijalo baada ya Alasiri, na daima tulirejea kabla ya Magharibi.

Siku ya wingu

Mmoja wa akina mama wanne hakutaka kushika chochote. Kaka yake alitoka kuvua miaka mingi iliyopita, msimu wa kusi, hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Alikuja kwa sababu binti yake wa miaka 14 alimsihi, naye alisema hawezi kumwacha aende peke yake. Majuma manne alikaa chini ya mlingoti, uradi mdomoni, mkono mmoja ukishika taruma.

Juma la tano, zamu ya binti yake ilipofika, wingu jeusi lilitokea upande wa Manda. Ami alikwisha kuliona, na tulikuwa tukirudi, lakini upepo ulitufikia kabla ya ufuo. Mashua ililala. Tulidhani Ami angemwondoa mtoto kwenye kana. Alisogea karibu naye, hakumgusa, akasema: "Mwanangu, usitazame wingu. Tazama tanga." Kisha kwa sauti kubwa: "Demani, achia!" Mshoni wetu aliachia. Chombo kikainuka. Binti akaisogeza omo taratibu kuelekea upepo, kama alivyofundishwa. "Tua!" Tuliotayari kwenye henza tuliishusha foromali, tukalikumbatia tanga lililokuwa likipigana nasi, mvua ikatushukia. Maji yalikuwa yamejaa ngamani. Tulipogeuka tulimwona yule mama akifua maji kwa upo, haraka haraka, bila mtu kumwambia.

Mvua ilipita kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Tukiwa tumetia nanga karibu na ufuo, tumelowa wote, alimwambia Ami: "Kaka yangu alijua haya yote. Alijua kuliko sisi sote hapa."

"Alijua," Ami alijibu. "Nilikuwa naye skuli ya bahari moja. Lakini alitoka peke yake, mwezi wa saba, kwa kuwa nyumbani hamkuwa na kitu. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Juu yetu ni kutomwacha mtu atoke peke yake."

Yule mama alinyamaza. Kisha akasema: "Basi nionyeshe hiyo henza inavyofungwa." Hajashika kana mpaka leo, wala hatumshurutishi. Lakini henza sasa ni yake, na fundo lake ni zuri kuliko la mtu yeyote miongoni mwetu.

Je, bahari ni ya wanaume?

Tuliulizwa swali hilo na majirani, wengine kwa upole na wengine kwa kebehi. Jibu moja liko katika historia yetu wenyewe. Ummu Haram binti Milhan, Mungu amwie radhi, alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, amwombee awe miongoni mwa watakaosafiri baharini, naye akamwombea. Habari hiyo imepokewa katika Bukhari na Muslim. Miaka ilipita, akavuka bahari hadi Kipro katika zama za Sayyidna Uthman, na huko akafariki baada ya kuanguka kutoka kwenye mnyama wake. Kaburi linalonasibishwa naye liko karibu na mji wa Larnaca. Hakuwa binti aliyepotea njia. Alikuwa sahaba aliyeitamani safari ya bahari.

Jibu la pili ni la stara. Tumejifunza tukiwa tumesitirika. Buibui refu hunaswa na kamba na kulemea likilowa, kwa hiyo tulivaa suruali pana na kanzu fupi ya kitambaa chepesi, na mtandio uliofungwa imara bila ncha zinazoning'inia. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya maji yanayofunika mwili. Stara na usalama havigombani, vikipangwa mapema.

Kwa familia zinazotaka kuanza

Kabla ya tanga, fundisheni kuogelea. Miongoni mwetu wanane, watano hawakujua, na Ami hakuwapandisha mpaka walipoweza kuelea na kujisukuma katika maji ya kifua. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, likazwe vyema, hata anayejua kuogelea, hata katika mkondo shwari.

Chagueni mwalimu anayejulikana kwa familia, na chombo kilichotiwa kalafati hivi karibuni. Msitoke bila kumwambia mtu wa nchi kavu mnakokwenda na saa ya kurudi. Chukueni maji ya kunywa, upo wa akiba, kafi na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopenya maji. Someni dua ya kupanda chombo, ile ya Nabii Nuhu iliyomo katika Sura Hud, aya ya 41. Watoto huihifadhi upesi wakiisoma mahali pake.

Anzeni majira ya maleleji, katika maji yaliyokingwa, siku za maji mafu. Jifunzeni kutua tanga kabla ya kujifunza kulitweka. Na wapeni watoto wa kike zamu sawa na wavulana, kwani bahari ikichafuka haitauliza nani ameketi kwenye tezi.

Wanaoishi Mombasa, Kilifi au Kwale nao wana hori na vilindi vilivyokingwa, na wazee ambao bado wanazijua kamba kwa majina. Wazee hao wanapungua. Mashine imerahisisha riziki, na hakuna anayetaka kumnyang'anya mvuvi mashine yake, lakini mafuta hupanda bei na mashine huzimika, ilhali upepo hauuzwi. Kaskazi ikishika nguvu, mafunzo yetu yatasimama hadi Machi. Tukijaaliwa, maleleji yajayo mabinti wanne watakuwa tisa, maana majina matano mapya yamekwisha kuandikwa, na mawili kati yake ni ya mabibi wenye wajukuu.